Nilisema Ni ya Bibi, Nikanyang'anywa Hadithi Yangu

Asubuhi ile nilitoka na begi moja mgongoni, bila kumuaga mtu, bila kujua naelekea wapi. Nina miaka ishirini na tisa. Shule niliachia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na tangu hapo sijawahi kutulia mahali pamoja. Wazazi wangu waliniita Safari. Wangeniita nini kingine?

Lakini safari hii sikuondoka kwa kupenda kutangatanga. Niliondoka kwa sababu familia yangu ilitaka nimuombe radhi mtu aliyeniibia!

Ngojeni nianze mwanzo...

Nilikuwa naishi Auburn, kitongoji cha Sydney, Australia, kwa baba mdogo, nikipakia mizigo kwenye ghala moja huko Smithfield. Jumamosi moja kabla ya korona, nikizurura tu mjini Sydney, niliona watu wazima wamevaa mabawa wanavuka barabara. Mabawa! Mimi na udadisi wangu, nikawafuata. Wakanifikisha kwenye kongamano la waandishi wa hadithi za majoka, wachawi na dunia zisizokuwepo. Nikalipa kiingilio, nikaketi nyuma kabisa. Mama mmoja jukwaani akasema kila aliye na dunia kichwani anaweza kuwa mwandishi.

Mimi? Mbona nilikuwa na mji mzima kichwani! Mji ulio chini ya ziwa, ambako maskini huuza vivuli vyao, na binti aitwaye Mwavita huviuza sokoni kama mitumba, belo kwa belo. Niliubuni tangu utotoni, nikiwa kwenye foleni ya maji kambini. Hakuna aliyenisimulia.

Korona ikaja. Makongamano yakafutwa. Mwaka 2021 sisi wa magharibi ya Sydney tukafungiwa ndani, helikopta ya polisi juu ya paa, ruhusa ni ya kwenda kazini na kurudi. Hapo ndipo nilipokuwa karibu na Solange, binti wa baba mdogo, dada yangu. Alikuwa anasoma chuo Parramatta. Kiingereza kilimtoka bila shida. Changu kilikuwa cha ghalani: inua, shusha, chunga mgongo.

Tukakubaliana. Jioni tukimenya viazi mimi nasimulia, yeye ananirekodi kwa simu, halafu anaandika kwa Kiingereza. Mwandishi ni mimi, mfasiri ni yeye.

"Kaka, hiki kichwa umekitoa wapi?" aliniuliza siku Mwavita alipouza kivuli cha mama yake mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka. Jamani, nani asingemwamini?

Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kwetu msimuliaji hajisifu. Ukikaa mbele ya watu useme "nimebuni mimi," watakuona una majivuno. Unamtaja bibi. Basi kila jioni nilianza hivi: "Bibi yangu aliniambia..." Maskini bibi! Alifariki mimi sijajua hata kutembea.

Mwaka uliofuata kongamano likarudi. Solange akasema amepata nafasi ya kusoma sura ya kwanza jukwaani. Nikapiga pasi shati jeupe. Ukumbini watu walivaa barakoa za korona juu ya nyuso walizopaka rangi za majini na wachawi. Mshereheshaji akamkaribisha mtunzi mpya wa mji wa vivuli... Solange! Nikangoja amsahihishe. Akasoma. Wakampigia makofi, naye akainama kuyapokea.

Nikasimama. Nikapaza sauti kwa Kiingereza changu cha ghalani: mji ule ni wangu! Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani ni mchezo wa kuigiza. Mlinzi akanishika mkono, akanitoa nje taratibu, kama mgonjwa...

Jumapili, baada ya ibada, baba mdogo akaitisha kikao cha familia. Solange hakubishana hata kidogo. Aliweka simu mezani, akabonyeza, na sauti yangu ikajaa sebuleni: "Bibi yangu aliniambia..." Akaweka rekodi nyingine. "Bibi yangu aliniambia..."

"Umejisikia mwenyewe?" akasema shangazi Riziki. "Kwani alikuwa bibi yako peke yako?"

"Shangazi, bibi alifariki nikiwa natambaa! Alinisimulia lini?"

"Basi alikutokea ndotoni." Watu wakaangua kicheko.

Baba mdogo hakucheka. "Mwanangu, dada yako ametutoa kimasomaso mbele ya wazungu. Wewe umetuaibisha. Muombe radhi, yaishe."

Solange akanitazama kwa huruma. "Kaka, be honest, sema kweli. Nani angemsikiliza mtu wa ghalani? Angalau sasa Mwavita anajulikana."

Sikuomba radhi. Siombi hata leo!

Kesho yake ndiyo asubuhi niliyowaambia. Nikapanda treni ya kwanza iliyokuja. Nilipofika kituo kikuu nikapanda nyingine, hata sikusoma inakokwenda. Ikanishusha Wollongong, pwani, upepo unapiga na simjui mtu. Nikaingia duka lenye dagaa na unga wa muhogo, nikasalimia kwa Kiswahili. Mwenye duka akanielekeza kwa Mama Yolanda, mjane wa Kirundi mwenye chumba cha uani.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mna kitu mlichokitengeneza kwa akili yenu. Wimbo, mshono, pishi. Msikifiche nyuma ya wazee kwa kuogopa kuitwa wenye majivuno! Adabu yangu ndiyo iliyompa mwizi ufunguo. Mji ule nitausimulia upya, na wenye makofi yao waendelee kupiga.

Mama Yolanda alinionyesha kitanda, akanipa kisu na sufuria ya viazi. "Nyumba hii kimya mno," akasema. "Hebu niambie hadithi, kijana."

Nikafungua kinywa. "Bibi yangu..." Nikaweka kisu chini.

"Mama, hadithi hii nimeitunga mimi, Safari."

"Haya, bwana mtunzi," akasema akivuta kiti. "Tunga, lakini mikono isisimame."