Mashine Iliyobisha Hodi

Usiombe yakukute yaliyomkuta shoga yangu, fundi cherehani. Bintiye hakutamka neno tangu azike mwanawe wa miaka miwili, basi mama akampeleka akapigwe picha ya ubongo, daktari apate kutambua kama ubongo una kasoro au ni sonona tu, ule ugonjwa wa huzuni.

Akalazwa kwenye kitanda chembamba, akaingizwa ndani ya mashine, nayo ikaanza kugonga, ngo! ngo! ngo! Humo ndani binti akaitika, "Karibu."

"Dada, usiongee, picha zitaharibika," akasema mpiga picha nyuma ya kioo.

"Mwache aongee, baba!" mama akalia kwa furaha. "Miezi minne huyu bubu!"

Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, giza totoro.

Ngo, ngo, ngo. Polepole, mlangoni, chini kabisa, usawa wa goti.

"Karibu, mwanangu," binti akasema, na wakamsikia akijisogeza kwenye kile kitanda chembamba, akimpisha mtu.