Bata wa Stoke, Kuku wa Glasgow

Jumamosi ile soko letu la Hanley, hapa Stoke, lilifurika watu. Janine, aproni ya bluu kiunoni na unga hadi kwenye nyusi, alikuwa akigeuza chapati za shayiri bila kuinua macho.

"Haya, bata wangu, nikupe ngapi?"

Mwanamume mrefu mwenye koti la mvua akatazama nyuma yake. "Unasema na mimi?"

"Na nani tena? Huku Stoke sote ni bata, hata mchungaji."

"Mimi natoka Glasgow. Basi nipe sita, kuku."

Janine alicheka mpaka chapati ikaungua.

Huyo ndiye Struan Geddes, fundi wa matanuri ya vyungu. Tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila mchana: "Umekula, kuku wangu?" Janine alikwisha kuachwa mara moja, na neno lile alilivaa kama pete. Yeye mwenyewe aliwaita bata watu mia kwa siku, lakini kuku, aliamini, alikuwa yeye peke yake.

Jumapili moja, tulipotoka ibadani, Janine akamsikia Struan langoni akisema kwenye simu: "Asante, kuku. Mungu akubariki, kuku. Nakuja."

Hakuuliza. Kesho yake sokoni akamwambia, "Karibu, Bwana Geddes."

Kwetu Stoke, ukinyimwa neno bata, umefungiwa mlango. Struan akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Janine, nimekosa nini?"

"Kamuulize kuku wako mwingine, yule wa simu ya jana."

"Yule ni muuguzi," alisema polepole. "Mama yangu hana siku nyingi. Kwetu Glasgow kila mwanamke huitwa kuku, mpenzi wangu, kama hao bata wako. Treni ni saa nane. Nilikuja kukuomba twende wote, akuone kabla…"

Janine alivua aproni, akamwachia dada yake kikaango.

Jioni, huko Glasgow, walimkuta mama yake Struan amelala, mikono myembamba juu ya blanketi.

"Mama, huyu ndiye Janine. Nataka kumuoa."

Janine akamgeukia, macho yamemtoka.

"Umemuuliza?" mama akanong'ona.

"Bado."

"Mjinga wewe." Kisha akanyoosha mkono kwa mgeni. "Sogea karibu, kuku. Kaa na mimi."

Neno lile lile, kinywani mwa mtu mwingine. Safari hii halikumchoma. Janine akaketi, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Nipo, bata wangu," akasema. "Siendi popote."