Rudia Kabla ya Kukata

Kila asubuhi Bi Sentimita huvaa futi ya kupimia shingoni kabla hajafungua mlango wa duka. Yeye hupima wateja na kushona chini. Mumewe, Mzee Mkasi, hukata vitambaa ghorofani, kwenye meza kubwa.

Zamani Bi Sentimita alipanda ngazi kumpelekea vipimo. Tangu alipoanguka, goti lake halitaki ngazi. Sasa husimama chini na kupaza sauti.

Siku moja alikuja mwalimu wa kwaya, mwenye kitambi cha heshima.

"Kiuno tisini!" Bi Sentimita aliita.

"Sawa!" Mzee Mkasi alijibu.

Kesho yake mwalimu alijaribu suruali. Ilikwama mapajani.

"Mama, hii ni yangu au ya mwanangu?"

Mzee Mkasi alishuka mbio. "Si ulisema sitini?"

"Nilisema tisini! Huyu ana kiuno cha sitini?"

"Huko juu mimi sioni watu. Nasikia namba tu."

Mwalimu alicheka, lakini Jumamosi alikuwa na onyesho. Na kitambaa kilichobaki kilitosha suruali moja tu.

Binti yao alipopata habari, alisema kwa upole, "Mama, pumzika nyumbani sasa. Baba atafute mtu mwenye magoti."

Bi Sentimita aliikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena. Miaka ishirini na sita wamefanya kazi pamoja. Nyumbani atampima nani?

Asubuhi iliyofuata, jirani yao, fundi wa kompyuta, aliingia.

"Shikamoo, mama. Juzi mtaa mzima tulisikia tisini. Ni Mzee tu aliyesikia sitini."

"Marahaba, mwanangu. Usinichekeshe, nina huzuni."

Fundi alitazama kompyuta ya kuandikia oda za wateja, kando ya cherehani. "Hii na ile ya juu si zimeunganishwa kwa waya, ili mtumie printa moja?"

"Ndiyo."

"Basi waya huohuo unaweza kubeba sauti. Humu ndani hamhitaji intaneti wala salio."

Aliweka programu ndogo kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye kioo cha kompyuta ya chini lilitokea jina: Mkasi.

"Kitone cha kijani maana yake yupo. Bofya jina lake, kisha bofya alama ya simu."

Bi Sentimita alibofya. Juu mlio ulisikika, Mzee Mkasi akapokea.

"Haloo?" alisema Bi Sentimita.

"Haloo?" ilirudi sauti ya mwanamke.

Bi Sentimita alikunja uso. "Nani huyo yuko na mume wangu?"

Fundi alicheka mpaka akakaa. "Ni wewe, mama! Spika ya juu inatoa sauti yako, maikrofoni iliyo karibu inaidaka na kukurudishia. Tumieni hivi."

Aliwapa vifaa vya masikioni vyenye maikrofoni mbele ya mdomo. Mwangwi ukaisha.

"Na namba zinazofanana?" aliuliza Bi Sentimita.

"Hapo kompyuta haiwezi kuwasaidia. Taja tarakimu mojamoja. Anayesikia arudie kabla ya kukata."

"Kukata simu au kitambaa?"

"Vyote viwili!"

Mwalimu wa kwaya alipimwa upya.

"Kiuno, tisa, sifuri," alisema Bi Sentimita, polepole.

"Tisa, sifuri." Sauti ya Mzee Mkasi ilisikika kama yuko ubavuni pake. Kisha akakata.

Jumamosi mwalimu aliimba nyimbo nne, akivuta pumzi bila wasiwasi. Jumatatu alileta wanakwaya wenzake kumi na mmoja.

Wiki hiyo binti yao alipita dukani. Alimkuta mama yake na vifaa vya masikioni, anatabasamu mbele ya kompyuta. Hapakuwa na mteja.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na baba yako. Kapiga mwenyewe."

"Anataka kipimo?"

"Hapana."

Binti hakutaja tena habari ya kupumzika. Bi Sentimita alisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Mume wangu, hayo uliyosema sikuyasikia vizuri. Rudia kabla ya kukata."