Aliyeandika kwa Jina la Japhet

"Shangazi, usilifunge kwanza," Esteria alisema.

"Nisilifunge kwa nini? Mtu kashasema hakutaki. Kesho jembe lake la posa linarudi kwao Kumsenga," shangazi Therese alijibu, huku akilizungushia kanga.

Hapo nje, uwanjani Busunzu, pikipiki ikasimama. Akashuka Japhet, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Esteria, mwalimu wa Kasulu, alikuwa amemfungia namba tangu ile barua pepe ya kumwacha iingie. Moyo ukamwenda mbio kwa hasira na, tuseme ukweli, kwa furaha pia.

"Mwiriwe, Shangazi."

"Mwiriwe. Umelifuata jembe mwenyewe?"

"Nimemfuata mchumba wangu. Esteria, ile barua sikuandika mimi."

"Imetoka kwenye anwani yako ya ofisini," Esteria akasema. "'Nimepata wa hadhi yangu, usinitafute.' Kuna Japhet mwingine pale?"

Japhet alikuwa fundi wa kompyuta wa shirika moja linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta. Alitoa simu, akabonyezabonyeza, na simu ya Esteria ikalia: barua pepe mpya.

Esteria akasoma kwa sauti: "'Mwalimu, Japhet hana kosa. Ni mimi Rabia, mkurugenzi wake.'"

"Rabia yuko kambini, hajui lolote," Japhet akasema. "Nimeandika mimi, hapa mbele yenu, kwa jina lake."

"Kumbe ni mwongo hodari," Therese akasema.

"Ndiyo hapo," Esteria akadakia. "Kama unaweza kuandika kwa jina la bosi wako, mimi nishike lipi?"

Hilo Japhet hakuwa amelifikiria.

"Fungua barua yangu yoyote ya zamani, bonyeza maelezo," akasema taratibu. "Mtambo wetu hutia saini ya siri, na inapofika kwako hukaguliwa."

Esteria akafungua ile aliyoandikiwa wiki ya posa: saini imepita. Akafungua ile iliyomliza: haikupita. Machozi yakamtoka, kwanza ya nafuu, halafu ya hasira.

"Kama haikupita, mbona ilinifikia?"

"Mimi ndiye niliyeagiza zisizo na saini zisizuiwe. Nilipojaribu kufunga, barua za rufaa za wagonjwa wa Nduta, zilizokuwa hazitiwi saini, zilikwama, nikaogopa. Nikaacha zote zipite, niwe naletewa taarifa tu za nani anatumia jina letu."

"Taarifa zilisemaje?"

"Sikuzisoma. Zilirundikana mpaka jana, ulipokataa hata salamu za mama yangu, ndipo nikazifungua. Zinaonyesha kompyuta ya dukani kwa Kipriani, Kasulu."

Kipriani, jirani wa Esteria kule Kasulu, alikuwa amekuja kumpa pole mara mbili, na mara ya pili alidokeza kwamba yeye hana mchumba. Esteria akamwandikia ujumbe: "Nimejua nani alinifanya nipewe pole. Usikanyage tena kwangu."

"Nisamehe," Japhet akasema. "Kompyuta za zahanati nazo zinatia saini tangu asubuhi, mgonjwa hatakwama tena. Nafunga sasa, isiyo na saini isipite."

Wakala ugali wa muhogo na maharage, kisha Japhet akaandika tena kwa jina la Rabia. Wakasubiri mpaka vyombo vikaoshwa. Hakikuingia kitu.

"Hizo taarifa tutakuwa tunazisoma wote," Esteria akasema. "Wewe peke yako huaminiki."

Akalitoa jembe kwenye kanga, akatoka, akachimba nalo kwa nguvu kando ya mgomba. Kwa ukoo wao, jembe la posa likishagusa udongo halirudishwi tena.

Therese akamtazama Japhet, aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

"Mkwe, kachukue la kwangu nyuma ya jiko. Unamwacha mwenzio alime peke yake?"