Vitundu Vilivyofumba

"Usinifundishe kazi," Mkuu wa maabara alifoka. "Dada yako aliteleza, akazama kwenye tangi la kome. Nikwambie mara ngapi?"

"Mpaka useme kweli," alijibu Nyigu, jasusi wa serikali.

Robo saa nzima walikuwa wakibishana, bastola ya Nyigu, Glock, ikimtazama Mkuu tumboni.

Nje, Land Cruiser nyeusi ilinguruma. Mnunuzi wa kigeni alisubiri chupa ya kutunzia baridi iliyokuwa mkononi mwa Mkuu. Ndani yake mlikuwa na gundi inayomshikilia kome kwenye mwamba chini ya maji. Mnunuzi aliitaka kwa mabomu ya kubandika kwenye meli za watu.

Nguvu ya gundi ilitokana na vitundu vyake, vidogo kuliko virusi. Dada yake Nyigu ndiye aliyekuwa akivipima.

Mkuu alijitetea kwa picha ya darubini. Ilikuwa na jina la marehemu na saa: saa nne usiku. Yeye alitoka saa tatu, na mashahidi anao. Basi, alidai, alimwacha dada akiwa hai.

Nyigu aliirusha picha mezani.

"Saa ya mashine mtu yeyote huigeuza. Tazama vitundu. Vimefumba vyote."

"Kwa hiyo?"

"Sampuli imekaushwa kwenye tanuri. Gundi hii ukiikausha inasinyaa, vitundu vinajifunga. Dada aliigandisha na maji yake, kila mara; picha hii hakuipiga yeye. Alitutoboa masikio kwa habari hiyo, mimi na mama. Anayeweza kuikausha ni bosi aliyezoea kufanyiwa kazi."

Mkuu aliitazama picha.

"Alikataa kuuza," alisema taratibu. "Nilimsukuma tu."

Tu.

Kidole cha Nyigu kilikaza kwenye kifyatulio.

Redio ya wakubwa wake ikakwaruza sikioni mwa Nyigu. "Nyigu, mwache aondoke na chupa. Tutawafuata hadi huko kwao."

"Na dada yangu?"

"Hilo baadaye."

Mama yake alishaambiwa "baadaye" mara tatu, kila mara na ofisa mpya mwenye viatu vinavyong'aa.

Nyigu alichomoa redio sikioni, akaidondosha kwenye sinki.

Aligeukia dirisha. Risasi mbili. Magurudumu mawili ya Land Cruiser yakakaa chini. Mnunuzi alitoka mbio, akaangukia mikononi mwa walinzi wa geti, wakamshika.

Mkuu alijaribu mlango. Nyigu alimkwida kola, akamtia pingu, akachukua chupa.

"Unanipeleka wapi?"

"Kwa mama yangu. Utamwambia hilo neno 'tu' ukimtazama usoni. Kisha polisi."

Akamsukuma mbele, wakatoka juani. Hakuharakisha hatua.