Simu ya Chooni na Fainali ya Homa Bay

Saa nne na dakika hamsini, asubuhi ya Jumapili, Osoro aliingia ukumbini akiwa ameinua simu juu kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

"Nimeitoa chooni! Ilikuwa imefichwa kwenye mabati. Refa, njoo ujionee."

Refa alikuwa Risper, mama wa miaka ishirini na sita, muuza mitumba siku za wiki. Aliipokea simu. Haikuwa na laini. Kioo kilipowaka ulionekana ubao wa chesi, programu ile inayokwambia hatua bora ya kucheza, na kete zimepangwa kama fainali iliyokuwa ikiendelea pale meza ya mbele. Programu ilikuwa inawatafutia weusi hatua.

Weusi walikuwa wa Mzee Willem.

Ukumbi ulilipuka. Willem, Mholanzi wa miaka sabini na minne, alistaafu kazi ya kuchimba visima akabaki Sori. Tangu fainali ianze alikuwa amekwenda chooni mara mbili.

"Mwizi!" mtu alipiga kelele. "Arudi kwao!"

"Kwetu ni Sori," Willem alijibu bila kuinuka. "Nitarudi na kikombe au bila kikombe. Sirudi na jina la mwizi."

Risper alinyoosha mkono kuisimamisha saa ya mchezo.

"Usiiguse, mama," Willem alimzuia. "Ukiisimamisha watasema nilipewa muda wa kufikiri. Zamu ni yangu, na sisogezi kete mpaka umjue aliyefanya haya."

Saa yake ilibakiza dakika ishirini na moja. Zikiisha, ameshindwa. Na kwa kanuni za chama, anayepatikana na udanganyifu hachezi tena maisha yake yote. Risper alitazama ile mikono ya mzee iliyotulia mezani, akaamua kutafuta.

Alianza na mtu ambaye angefaidika: Elvis, mwendesha boda wa Migori, aliyekaa upande wa weupe. Osoro ndiye aliyemfundisha.

"Umetoka humu ndani leo?"

"Sijatoka, madam. Hata mkojo nimeubana."

Watu wa mstari wa mbele walicheka, wakathibitisha.

"Simu yako iko wapi?"

"Si ulizichukua simu za wachezaji mwenyewe mlangoni? Yangu iko kwenye kikapu chako. Na sikiza, mimi sitaki pointi ya chooni. Kama nitamshinda jaduong', mzee wetu huyu, nimshindie hapa mezani."

Dakika kumi na sita. Risper alitoka nje. Chini ya dirisha Nyamoita alikuwa akipuliza jiko la chai.

"Nani amepita hapa kwenda chooni?"

"Mzee, mara mbili. Ya pili akanunua mandazi, akala njiani kama mtoto wa shule. Halafu mwalimu Osoro, mara moja tu kabla ya hizi kelele, na mara ile aliyotoka na simu."

"Osoro alikuwa wapi muda wote?"

"Si hapa dirishani! Moshi unamla macho, namwambia ingia ndani, anasema kocha haruhusiwi karibu na meza. Nikampa chai, akakataa. Atashikaje kikombe? Simu huku, simu huku."

Risper aliporudi na maneno hayo, Osoro alicheka kwa sauti.

"Simu mbili ni dhambi sasa? Nusu ya ukumbi huu ina simu mbili. Na hiyo ya chooni si yangu. Refa, unamtetea mzungu kwa sababu alikuchimbia kisima?"

"Hajanichimbia kitu. Kaa chini, mwalimu."

Dakika tisa. Risper aliiwasha tena ile simu, akalinganisha ubao wa kwenye kioo na ubao wa mezani, kete moja baada ya nyingine. Alipofika pembeni mwa mfalme mweusi, kidole chake kilisimama.

Akafungua daftari la mlangoni. Fainali ilipangwa Jumapili kwa sababu Wasabato hawachezi Jumamosi, na Wakatoliki waliahidi kuwahi misa ya kwanza. Wote walikuwa wameandikwa kabla ya saa tatu. Jina moja tu lilikuja nyuma: Osoro, saa tatu na dakika arobaini.

"Ulichelewa, mwalimu."

"Nilikwenda misa ya pili. Hilo nalo ni kosa?"

"Hapana. Ila umeutazama mchezo huu kwa makini. Mzee amebakiza askari wangapi?"

Osoro hakuhitaji hata kutazama. "Sita."

Elvis akashika kichwa.

"Watano, mwalimu. Hicho kizibo ni askofu!"

Pembeni mwa mfalme mweusi kilikaa kizibo chekundu cha soda. Askofu mmoja mweusi alipotelea kwenye mashindano ya Kisegi mwaka jana, na saa tatu kamili Risper alikuwa amekiinua kizibo hicho juu, akawatangazia wote waliokuwepo kwamba leo ndicho askofu. Tangu saa tatu na nusu hakikuwa kimesogea tena.

"Aliyepanga kete kwenye simu hii ameweka askari mahali pa kizibo," Risper alisema. "Amehesabu askari sita, kama wewe. Mzee angemsahau askofu wake mwenyewe? Elvis je? Nyamoita hajui hata farasi anavyoruka. Aliyekosea alitazama kutoka dirishani, na hakuwepo saa tatu."

Osoro aliinuka. Kisha sauti yake ikapanda.

"Miaka mitatu! Miaka mitatu ananishinda fainali! Sokoni Migori wananiita Namba Mbili, hata wanafunzi wangu. Nikasema mwaka huu Elvis asije akaitwa hivyo."

"Mwalimu," Elvis alisema taratibu, "wewe hukuniamini."

Risper alinyoosha kidole mlangoni. Osoro alipita katikati ya watu, akasimama nje dirishani, palepale kwenye moshi.

Dakika tatu. Willem aliinama, akasogeza ngome yake.

Walicheza haraka, makofi ya saa yakisikika hadi kwa Nyamoita. Hatua kumi na moja baadaye farasi wa Elvis aliruka, akatishia mfalme na malkia kwa pamoja. Dirishani, Osoro alifunika uso.

Willem alimlaza mfalme wake ubaoni, akampa kijana mkono.

"Nimeshindwa," aliutangazia ukumbi. "Lakini nimeshindwa nikiwa nimekaa. Mwaka ujao mniwekee kiti hikihiki."

Risper alichukua kalamu, akaandika jina la Willem, la kwanza kabisa kwenye orodha mpya ya mwaka ujao.