Tekila Ndani ya Kibuyu

Soko la Nakuru halina adabu hata siku za kawaida, sembuse Jumamosi. Chelimo alikuwa ameinamia fungu la ndimu, gauni lake la njano amelikusanya magotini lisiguse matope, mkono wa mwanamume ulipotokea upande wa pili na kuzoa zote.

"Boss, hizo niliziona kwanza."

"Kuona si kununua, madam." Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, chupa ya tekila ikichungulia kwenye mfuko wake. "Lakini tunaweza kugawana. Unapikia samaki?"

"Naweka kwa chai, niko na homa. Na wewe?"

"Nachanganya drinks kwa nyumba. Nimejifunza kwa simu."

Chelimo alichukua ndimu moja mkononi mwake, akaibonyeza, akairudisha. "Hii ni mawe. Na hii pia. Utakamua mpaka Krismasi."

Hivyo ndivyo Kamande alivyopata mwalimu, na nyumba yake ya mtaa wa Section 58 ikaanza kunukia ndimu kuliko duka la sabuni. Kila Jumamosi mchana alimimina ramu vipimo viwili, ndimu kimoja, sukari iliyoyeyushwa kimoja, akatia barafu kwenye chupa ya mayonezi na kuitikisa kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Tamu sana, babe," Chelimo alisema. "Hii ni ya birthday ya mtoto."

Akapunguza sukari.

"Woi! Sasa unataka kuning'oa meno?"

Waliendelea hivyo mpaka ukali na utamu vikatoka sare. Kwenye tekila walitumia asali ya Baringo badala ya sukari, na siku hiyo Kamande alifumba macho, akameza, akamwita malkia wake. Chelimo alicheka, lakini moyoni alijua kwamba amekwisha. Alimpenda huyu mtu, pamoja na ndimu zake zote.

Mwezi uliofuata alikwenda kwao Ravine na kurudi na kibuyu cha kugandishia mursik, maziwa lala ya kwao, chenye shanga shingoni, kitupu, kimeandaliwa na mama yake kwa kupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, kikiwa tayari kutiwa maziwa. Alipitia kwa Kamande. Kwa sababu aliona haya kueleza kilikuwa cha nini, alisema tu, "Niwekee hapa, nitakichukua Jumamosi."

Jumamosi ilipofika, barafu ilipasua chupa ya mayonezi. Kamande alitazama huku na huku. Yeye ni mtoto wa Subukia, na kibuyu alichokijua ni cha uji, ambacho huoshwa na maisha yakaendelea. Akatia tekila, ndimu, asali na barafu, akaziba, akatikisa kwa moyo wote. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama maji ya kupigia deki. Chelimo alimkuta akikohoa.

"Umeweka nini hapo ndani?"

"Tekila. Na ndimu. Na asali kidogo." Akafikiri. "Ile ya Baringo."

Chelimo alitoka mbio na machozi, miguuni amevaa ndala za Kamande. Simu ilimfikia kabla hajafika kwake.

"Sweetheart, pole. Lakini si ni kibuyu tu? Nitakununulia ingine."

"Kibuyu tu? Mama yangu amehangaika nayo mpaka mkaa ukashika! Unajua hiyo mursik ilikuwa ya kukaribisha nani? Baba yako na mama yako, siku wakikuja kwetu!"

Chelimo akajiuma ulimi. Nani alikuwa ametaja kuja kwa mtu yeyote? Kamande hata hakuwa ameposa. Akakata simu, akaenda kujifunika blanketi mchana kweupe.

Kesho yake alingoja simu, haikuja. Aibu ilipomshinda akapiga mwenyewe, akaambiwa mteja hapatikani. Basi, aliwaza, nimemfukuza kwa maziwa ambayo hata hayajakamuliwa. Alilia hasa. Alikuwa bado anapangusa pua mama yake alipopiga.

"Chelimo, kuna kijana hapa jikoni kwangu. Ameuliza njia mpaka akafika, na kibuyu inanuka baa."

"Mama! Ni mrefu?"

"Sijui urefu, amechuchumaa. Ameisugua na maji moto tangu asubuhi. Nimempa mkaa apake ndani, amejipaka uso."

"Anasema nini?"

"Amesema pole mpaka nimechoka. Sasa anauliza watu wake wakuje lini. Nimemwambia hiyo si yangu kujibu."

Chelimo aliketi kitandani. "Anasikia?"

"Ameweka sikio hapa kwa simu, ananijaza masizi."

"Kamande."

"Yes, my dear. Nilizima simu juu niliogopa utaniambia nisikuje huku."

"Mursik haiharakishwi, unajua?"

"Mama amenieleza."

"Basi waambie watu wako wakuje ikiiva."

Kutoka Ravine kilisikika kishindo cha mtu kuruka, sufuria ikaanguka, kisha kitu kikabiringika. "Kibuyu!" Chelimo alipiga yowe.

"Ameidaka!" mama yake alipaza sauti. "Chelimo, usilie, ameidaka!"